Ekzosi Iliyoshtakiwa Kikwe

Niliisikia kabla sijaiona. Ilikuwa inatoka upande wa mjini kuja Sakina, mlio wake mzito, wa chini, kama mtu mnene anayecheka peke yake chumba cha pili. Nilikuwa nimesimama mbele ya gereji ya fundi Melkiori, begi begani, siku yangu ya kwanza kazini. Melkiori alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, mgongo ameupa barabara. Hakugeuka.

"Vali inavuja," alisema. "Na anayeendesha ni padri."

Pikipiki ikatokea, na juu yake kweli alikuwa padri, kanzu ameikunja mpaka magotini. Nilidhani ni uchawi. Nilimuuliza Melkiori amejuaje. Akanijibu kwa ukali, maana alikuwa na ukali hata akikukaribisha chai: "Anabadilisha gia kama anaomba radhi. Dereva wa kawaida habadilishi hivyo."

Nyinyi mnaobaki na gereji, mmeniomba niandike machache kabla sijasahau. Naandika. Lakini nitasema mapema kwamba nimestaafu nikiwa nimechoka, na kilichonichosha si chuma. Chuma hakijawahi kunibishia. Kilichonichosha ni watu waliokuja kununua sauti bila kujua kusikiliza.

Melkiori alininyima mashine ya kuchomelea kwa muda mrefu sana. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukaa kwenye kreti lake, mgongo kwa barabara, na kumwambia kinachopita. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, na wapita njia walidhani nimegombana na ukuta. Lakini ndivyo nilivyojifunza kwamba mlio una tumbo, una koo na una mdomo. Tumbo ni injini. Koo ni lile bomba jembamba linalotoka kwenye silinda. Mdomo ndiyo ekzosi yenyewe, mahali pa kumalizia neno. Kijana akija kwangu anataka "mdomo mpya", nilikuwa namuuliza kwanza tumbo lina hali gani. Wengi waliudhika. Walitaka vipodozi, nikawa nawapima homa.

Baadaye alinifundisha kukunja bomba kwa mchanga. Wengi wenu hamjawahi kufanya hivyo, kwa sababu siku hizi bomba lililokunjwa linauzwa dukani. Unajaza bomba mchanga, unagongagonga mpaka ushikane, unaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, unapasha moto kwenye makaa mpaka chuma kiwe rangi ya chungwa bivu, halafu unakunja taratibu. Mchanga unazuia bomba lisibonyee kwenye kona. Lakini lazima uwe mkavu kabisa, ulioanikwa na kukaangwa. Mchanga wenye unyevu ukiupasha ndani ya bomba lililozibwa umetengeneza bomu. Melkiori alikuwa na kovu shingoni la kuthibitisha hilo, na kila mara nilipotaka kuharakisha alinyoosha shingo bila kusema kitu.

Wakati ule pikipiki zilikuwa chache. Za mapadri, za mabwana shamba, za wauguzi waliopanda vijijini. Hakuna aliyetaka sauti kubwa. Walitaka zisizimike kwenye tope. Kama kuna enzi ya furaha katika kazi yetu ilikuwa ile, na kama kawaida ya furaha, hatukujua.

Kisha zikaja bodaboda.

Sisemi vibaya juu ya bodaboda. Zimesomesha watoto wa mji huu, pamoja na wangu. Nasema tu kwamba asubuhi moja Melkiori alikuwa amekwisha rudi kwao Kibosho kupumzika, gereji imebaki mikononi mwangu, na nje kulikuwa na foleni ya vijana waliotaka kitu kimoja.

"Oya fundi, shikamoo. Nataka iongee."

"Iseme nini?"

"Iongee tu, mzee wangu. Iungurume. Nikitoka Kijenge wajue nimetoka."

"Na ukifika?"

"Wajue nimefika."

Wakawa wananionyesha video kwenye simu. Pikipiki kubwa ya mashindano, sijui iko nchi gani, inalia kama kitambaa cha hariri kinachochanwa. "Kama hii, fundi." Nikawaambia hiyo ina silinda nne, baba, wewe una moja. Ile ni kwaya, wewe ni mtu mmoja bafuni. Kijana mmoja akafikiri kidogo, akaniuliza kwa heshima zote, "Sasa si uongeze sauti?"

Nimejibu swali hilo maisha yangu yote. Natamani liandikwe ukutani na jibu lake: kuongeza sauti si kazi. Toa bomba la ndani lenye matundu, acha ganda tupu, na hata pikipiki ya kubebea majani itapiga kelele. Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hawakuwahi kuliona limefungwa kwenye gurudumu la nyuma, likipita nje ya kanisa wakati mchungaji anasoma somo.

Basi sikilizeni, hili ndilo nililotaka muwe nalo. Mteja akija kuchagua ekzosi, msimwache achague kwa kuivumisha pikipiki ikiwa imesimama. Wote hufanya hivyo. Anakaa juu, anavuta mafuta, anafumba macho kama anaonja mchuzi. Ikisimama, kila ekzosi ni nzuri. Mwambie ampe mwenzake aiendeshe mlimani akiwa na abiria, yeye mwenyewe asimame upande wa pili wa barabara. Mlio wa pikipiki ni mali ya aliyeachwa nyuma. Mwendeshaji anasikia upepo.

Angalieni plagi baada ya kuibadilisha. Ekzosi iliyo wazi zaidi inafanya injini ivute hewa nyingi kuliko mafuta. Usiporekebisha kabureta, plagi inageuka nyeupe kama mfupa, na baada ya miezi michache mteja anarudi na vali iliyoungua, anakulaumu wewe. Plagi nzuri ina rangi ya tofali. Ndani ya ekzosi wekeni ile sufu ya vioo inayostahimili moto. Msiweke stilwaya ya kusugulia masufuria. Nimeona pikipiki inatema cheche mkiani kama fataki, na mwenyewe anajivuna akidhani ni nguvu. Na wekeni kinga ya joto upande wa abiria. Nusu ya akina mama wa Arusha wana alama ya kuungua kwenye muundi wa mguu wa kulia. Zile ni saini zetu sisi mafundi. Zingekuwa kwenye karatasi tungeona aibu.

Msiniulize kuhusu zile ekzosi za dukani zenye ganda linaloigiza nyuzi za kaboni. Ni stika. Ikipata moto inakunjamana kama chapati.

Mwaka wangu wa mwisho alikuja Elisante. Ni Mmeru wa Kikwe, kijana mtaratibu, analaza pikipiki nyumbani kwa wazazi wake na kila alfajiri anawachukua akina mama wa mboga kuwapeleka sokoni. Hakuniletea video. Alisema: "Mzee Wilbadi, wateja wangu hawaangalii saa. Wananisikia nikiwa kwenye mfereji, wanatoka na vikapu vyao. Lakini pikipiki zimekuwa nyingi, zote zinalia sawasawa. Nitengenezee mlio ambao ni mimi."

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mtu alikuwa ameniuliza swali la kweli. Nilimtengenezea. Nilikunja koo kwa mchanga, kama zamani, refu kidogo kuliko kawaida ili mlio ushuke chini. Nilichagua ganda nene, nikalijaza sufu, nikatoboa bomba la ndani kwa matundu madogo karibu na mdomo na makubwa karibu na koo. Tuliijaribu mlima wa Sakina, mimi nimesimama ng'ambo. Haikupiga kelele. Ilikuwa na kishindo laini, cha mbali, kama ngoma inayopigwa ndani ya nyumba. Nilirudi ndani nikajifanya natafuta spana. Sikuwahi kutengeneza nzuri kuliko ile, na sitatengeneza tena.

Miezi ikapita. Siku moja wakaingia gerejini wazee wawili waliovaa makoti kama wanaokwenda msibani. Mmoja alijitambulisha kuwa mshili, yaani kiongozi wa ukoo wa akina Elisante, jina lake Mzee Kundaeli. Wa pili, ambaye kumbe hakuwa mzee bali uso tu, alikuwa Yeremia, kaka mkubwa wa Elisante, mfanyabiashara wa Kijenge.

"Fundi," alisema mshili baada ya salamu ndefu, "ukoo unakuita Jumamosi."

"Ukoo gani?"

"Wetu."

"Mzee wangu, mimi ni Mchaga. Ukoo wenu unaniitia nini?"

"Ng'ombe akila shamba la watu, anaitwa mwenye ng'ombe," alisema mshili. "Na aliyekata kamba naye anaitwa."

Mashtaka yalikuwa haya. Kwa desturi yao, kama kwetu, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki nyumbani kwa baba. Anawatunza wazazi mpaka mwisho, na nyumba na migomba vinabaki kwake. Elisante ndiye wa mwisho. Sasa Yeremia alikuwa ameuambia ukoo kwamba baba yao halali kwa sababu ya ile ekzosi, na mtoto anayemnyima baba usingizi hamtunzi. Alitaka Elisante aondolewe nyumbani, aende apange mjini na kelele zake, na yeye Yeremia amlete kijana wake mwenyewe akae na wazee.

Elisante alinipigia simu jioni ile. Nilimwambia, mwanangu, kwani si uitoe tu yaishe?

"Nikiitoa leo, mzee, kesho watasema kofia yangu inamkosesha baba usingizi. Kaka anaitaka nyumba. Halafu wateja wangu je? Na wewe mwenyewe uliniambia hii ndiyo kazi yako."

Hapo alinikamata. Jumamosi nikaenda Kikwe.

Tulikaa sebuleni, wazee wa ukoo kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, mimi mshtakiwa wa pili kwenye stuli. Baba Yeremia alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini, kikombe cha chai kwenye kisahani juu ya meza ndogo. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaniitikia vizuri, "Marahaba, marahaba." Mama Yeremia aligawa chai na ndizi, akarudi kusimama kwenye mlango wa jikoni. Kikao kikafunguliwa kwa sala.

Yeremia akaanza. Alisema baba anasema hapati usingizi. Baba anasema kichwa kinamuuma. Baba anasema pikipiki ikiingia moyo unamwenda mbio. Baba alikuwa pale pale, hatua chache kutoka kwake, anaangalia migomba nje. Nikamnong'oneza mzee aliyekaa karibu nami, kwa nini hasemi mwenyewe? Akanitazama kama nimemwaga chai. Neno la baba mbele ya ukoo hubebwa na mtoto wa kwanza. Mzee wa heshima hahojiwi kama mtu aliyekamatwa.

Wakazungumza mmoja mmoja, na kila aliyezungumza alianza mbali. Mmoja alianzia kilimo cha kahawa. Mwingine alisema vijana wa leo wameharibiwa na simu, jambo ambalo ningeunga mkono siku nyingine. Elisante alipopewa nafasi alisema maneno mafupi tu: "Mimi ndiye ninayemwogesha baba. Kaka anakuja siku za sikukuu." Yeremia akaruka, "Unanisimanga mbele ya wazee?" Mshili akawatuliza. Ilikuwa wazi upepo unavuma upande gani. Hakuna ukoo utakaomwacha baba akose usingizi kwa ajili ya bomba la pikipiki.

Ndipo Mzee Kundaeli, ambaye alikuwa mtu wa haki lakini polepole, akasema, "Tumemsikia kila mtu. Hatujaisikia yenyewe. Ilete hapa."

Elisante akaisukuma pikipiki mpaka barazani, mdomo wa ekzosi karibu na mlango uliokuwa wazi. Nilitaka kueleza kwamba ekzosi haipimwi ikiwa imesimama, tena mlangoni mwa nyumba. Nilipuuzwa. Elisante akapiga kiki, akavuta mafuta.

Sijawahi kuona kazi yangu ikihukumiwa vibaya namna ile. Vioo vya dirisha vililia. Kuku walitoka chini ya banda kama waliorushwa. Mzee aliyezungumzia kahawa alikumbatia kofia yake, mshili mwenyewe alifumba jicho moja. Yeremia alinyoosha mkono kumwelekea baba, kama mtu anayeonyesha ushahidi.

Baba Yeremia alikuwa anaendelea kuangalia migomba. Kisha akaona chai yake inatikisika kwenye kikombe. Akaishika kwa mikono miwili. Akawatazama wazee, macho yamemtoka, na kwa sauti kubwa kuliko ekzosi akauliza:

"Jamani, ardhi inatetemeka, mlima umeamka?"

Elisante akazima. Kijana akaja taratibu, akapiga goti mbele ya kiti.

"Baba. Baba, unanisikia?"

Mzee akamwekea mkono kichwani. "Marahaba, mwanangu," alisema. "Marahaba."

Mama Yeremia ndiye aliyesema, palepale alipokuwa amesimama, kitambaa cha kushikia sufuria mkononi.

"Hasikii. Hasikii tangu kabla ya masika; hizo marahaba anazitoa kwa mazoea."

"Mama!" Yeremia aligeuka. "Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

"Lakini nilikuwa nakuuliza baba amelalaje..."

"Nikakujibu kwamba alfajiri macho yake huwa wazi. Ni mzee, anaamka na jogoo hata asipomsikia. Yaliyobaki umeyatunga wewe." Akawageukia wazee wa ukoo, nao wakaangalia chai zao. "Mmekuja hapa mara ngapi? Mnakunywa, mnakula, mnauliza baba amelalaje. Kuna mmoja aliyeuliza mimi nimelalaje?"

Mshili akakohoa. Alisema basi, kama ni hivyo, shauri halina miguu, mtoto wa mwisho abaki kwake. Wazee wakaitikia haraka haraka, kila mmoja akatafuta ndizi. Elisante alikuwa bado amepiga goti, nikaona tabasamu linaanza kumpanda. Nami, nikiri, nilinyoosha mgongo kwenye stuli yangu.

"Na wewe usicheke," mama alimwambia mwanawe. "Baba yako hasikii. Mimi nasikia."

Tabasamu likashuka.

"Ni mlio mzuri," alisema, na akanitazama mimi. "Sisemi ni mbaya, fundi. Ungekuwa mbaya ningelala. Nausikia ukiwa kule barabara ya lami. Naufuata mpaka darajani. Naufuata mpaka kwenye mfereji. Siku ukikatika njiani nakaa kitandani, nasema ameanguka. Kumbe amesimama kununua sigara."

"Mama, mimi sivuti..."

"Utajua mwenyewe. Mimi sitaki kujua uko wapi, Elisante. Nataka nijue ukishafika. Huyu haondoki," aliwaambia wazee, "nani ataniogeshea mume wangu? Hilo bomba ndilo linaondoka."

"Na wateja wangu, mama? Watanijuaje?"

"Honi uliwekewa ya nini?"

Elisante alinitazama. Nilitaka anitazame hivyo, na nilitaka asinitazame. Ilikuwa ekzosi pekee niliyotengeneza ambayo mtu aliisikiliza yote, kutoka lami mpaka mlangoni, na huyo ndiye aliyeikataa. Ningemwambia nini? Mwanamke yule alikuwa anakaa mgongo kwa barabara bila kreti.

"Mzee Wilbadi," kijana alisema, "nifungie ile ya zamani."

Ile ya zamani ilikuwa stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, na panya walikuwa wamehamia ndani. Tukaitikisa, tukaipuliza. Nilikaa barazani kungoja yangu ipoe, kwa sababu nati za ekzosi yenye moto zikifunguliwa kwa nguvu hukatika, na hilo pia liandikeni. Nikafungua, nikaweka gasketi mpya, nikafunga ile ya kiwandani, nikarudisha kabureta ilivyokuwa. Elisante akapiga kiki. Ikatoa mlio wa pikipiki zote za mkoa wa Arusha, mlio usio wa mtu. Akaisikiliza kidogo, akaizima, akaenda kumnawisha baba yake mikono kwa ajili ya chakula.

Nikaiviringisha kazi yangu kwenye gunia. Mama Yeremia alinisindikiza mpaka mlangoni, akanipa mkungu mdogo wa ndizi na pole ya safari. Nyuma yake, sebuleni, Yeremia alikuwa ameinama juu ya kiti cha dirishani, mdomo kwenye sikio la mzee, anapiga kelele kwa nguvu zote: "BABA! UMELALAJE, BABA?"

Mama alitikisa kichwa.

"Umeona, fundi? Nimetoa bomba moja, limeingia lingine."

Akaufunga mlango nyuma yangu.